Almasi ya Benedikta na Magaga ya Mama Mkwe

Watu wengi hudhani kwamba mtu anayepasua samaki kutwa nzima hana kinyaa. Kwa Benedikta ilikuwa kinyume. Alizaliwa Majita, kwenye kijiji kilichozungukwa na ziwa pande tatu, akakua akiparua magamba ya sato na kutoa matumbo ya sangara, na kadiri alivyoizoea shombo ndivyo alivyozidi kuchukizwa na uchafu wa watu. Samaki kunuka si kosa lake, alikuwaga anasema, kaumbwa hivyo. Ila binadamu ana mikono, ana maji, ana sabuni, na bado anapenga kamasi kisha anashika unga.

Alipokuwa msichana alipata kazi Musoma mjini, katika kiwanda cha minofu. Walisimama mstari mmoja kwenye meza ndefu za bati, buti za mpira miguuni, kila mmoja na kisu chake chembamba na chuma cha kunolea kikining'inia kiunoni. Dada aliyesimama kushoto kwake alikuwa na tabia ya kujikuna kichwa kwa ncha ya chuma hicho, akikipenyeza chini ya kofia. Akimaliza kujikuna anapitisha kisu juu yake, kisha kisu kinaingia kwenye mnofu. Benedikta aliishi na jambo hilo. Mpaka leo hali mnofu wa sangara ambao hakuukata mwenyewe.

Kiwanda kilipopunguza watu alihamia jikoni kwenye mgahawa mmoja karibu na mwalo wa Mwigobero, mitumbwi inaposhushia samaki. Huko alimkuta mpishi aitwaye Silasi, mwanamume mkimya, wa kwanza aliyewahi kumwona akisugua kucha zake kwa brashi kabla ya kugusa kitunguu. Ni Silasi aliyemfundisha kwamba kisu butu nacho ni uchafu. Kisu butu hakikati, kinatafuna. Nyanya inatoka imechubuka na kulowa, kitunguu kinapondeka, nyama inachanika nyuzinyuzi kana kwamba imetolewa mdomoni mwa mtu. Benedikta aliposikia maneno hayo alihisi amepata ndugu.

Silasi alipohamia Mwanza alimwachia chuma chake cha kunolea. Kilikuwa kirefu kama kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vidole, bapa kidogo, chenye mpini mweusi, na mwili wake wote umepakwa vumbi la almasi linaloparuza kama ulimi wa paka. Jikoni walikiita almasi tu. Wahudumu waliwahi kuuliza kama ni ya mgodi wa Mwadui na kama inaweza kubanduliwa ikauzwa, na Benedikta akawajibu kwamba atakayejaribu atabanduliwa yeye.

"Usikandamize," Silasi alikuwa amemwambia. "Inayokata ni almasi, sio bega lako. Ukikandamiza unang'oa vumbi, na likishang'oka halirudi."

Alimwonyesha namna ya kusimamisha ncha ya chuma juu ya kitambaa kilicholoweshwa ili kisiteleze. Kisu unakilaza, unainua mgongo wake kidogo, pawe na nafasi ya kidole kidogo kupita, kisha unakiteremsha kuanzia penye mpini hadi kwenye ncha, upande huu na upande ule, taratibu, mara chache tu. Ukimaliza unafuta kisu, kwa sababu kina chembe za chuma zisizoonekana, na hakuna anayetaka kula chuma. Almasi yenyewe unaifuta kwa kitambaa chenye maji. Jioni unaiosha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini, unaikausha, unaitundika. Mafuta usiweke kamwe. Mafuta yanashika uchafu, yanaugandisha kati ya chembe, na almasi inakuwa kipofu.

Benedikta aliyashika hayo kama sala. Hakumruhusu mtu mwingine kuigusa.

Mumewe, Makongoro, baba wa mtoto wao Brian, ni fundi ujenzi, mzaliwa wa Mwitongo kule Butiama. Mama yake bado anaishi huko na binti yake Grace, wanalima muhogo na mtama na kufuga ng'ombe na mbuzi. Mama huyo, ambaye kila mtu anamwita Mama Makongoro, ni mrefu, sauti yake nzito, na viatu anavaa Jumapili tu. Mwaka huu mjukuu wake, Sara binti Grace, alikuwa anapata kipaimara, na ujumbe ukaja Musoma kwamba mapishi yote yatakuwa ya Benedikta.

"Jiko si la mama?" Benedikta alimwuliza mumewe.

"Mama anasema kuna wageni wanatoka Bunda. Anataka pilau ya mjini."

Benedikta alikubali, lakini alifunga visu vyake na almasi yake kwenye taulo akaenda navyo. Alikijua kisu cha Mwitongo. Kilikuwa kimoja, mpini umevunjika, umezungushiwa kipande cha mpira wa baiskeli, na ndani ya mpira ule kulikuwa na mafuta na nywele za miaka. Safari moja aliyokwenda, asubuhi kilihasi beberu, mchana kikafutwa kwenye pindo la kitenge cha Grace, kikamenya muhogo. Benedikta siku hiyo alisema ana kiungulia, akanywa chai ya rangi tu.

Safari hii alivitandaza visu vyake juu ya meza aliyoisugua kwa majivu, na almasi akaitundika kwenye msumari ndani ya stoo, mbali na kuku. Mama Makongoro alisimama mlangoni akamwangalia akinoa.

"Hicho kinakwaruza nini hasa?" akauliza.

"Chuma, mama. Hata kigumu namna gani."

"Kinakwaruza kila kitu kigumu?"

"Kila kitu, mama."

Mama Makongoro akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Maandalizi yakaendelea. Baada ya siku mbili hivi Benedikta aliona almasi haishiki. Kisu kilipita juu yake kikiteleza, bila ule mlio wake wa kukwaruza. Aliipeleka kwenye mwanga. Katikati yake palikuwa na ungaunga mweupe wa kijivu, umejaa kwenye chembe kama ukoga kwenye meno. Aliusugua kwa kidole gumba akanusa. Harufu ilikuwa nzito, ya uchachu, kama ngozi ya ng'ombe iliyolowa. Unga wa muhogo, alijiambia, maana stoo ile ile ilikuwa na gunia la unga, na muhogo uliovundikwa una harufu zake. Akaifuta kwa kitambaa chenye maji akaendelea. Kesho yake ikawa vile vile.

"Wifi," alimwambia Grace, "nani anaweka almasi yangu kwenye unga?"

"Hicho chuma mimi sikigusagi," Grace alisema. "Na watoto nimewakataza."

Siku ya sherehe mambo yalikwenda vizuri kuliko Benedikta alivyotarajia. Pilau haikuungua, mbuzi aliiva, na kachumbari, iliyokatwa nyembamba kama karatasi na kujaa beseni zima, ndiyo iliyosifiwa kuliko vyote. Mzee Isidori, mgeni kutoka Nyasura kule Bunda, alinyanyua bakuli lake akayanywa maji ya kachumbari mpaka tone la mwisho, akajipangusa mdomo na kumwita mpishi ili amshukuru. Mama Makongoro aliwaambia watu mara kwa mara, huyu ni mkamwana wangu, anajua kazi.

Asubuhi iliyofuata Benedikta alizunguka nyuma ya nyumba kutafuta jua la kukaushia taulo zake. Alimkuta mama mkwe wake ameketi juu ya kigoda, mguu mmoja umepandishwa kwenye goti la mwingine, kisigino kinatazama juu. Kilikuwa kisigino cha mtu aliyetembea peku maisha yake yote, chenye magaga yaliyopasuka kama ardhi ya mbuga wakati wa kiangazi, meusi ndani na meupe kingoni. Na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika almasi, ukiisugua juu ya magaga yale, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kwa nguvu za bega. Unga wa kijivu ulikuwa unadondoka juu ya kitenge.

"Shikamoo, mama," Benedikta alisema, kwa sababu mdomo ulizoea kusema hivyo.

"Marahaba, mama Brian. Njoo uone. Hiki chuma chako kina dawa." Akamgeuzia kisigino. "Jiwe nimesugua miaka, halifanyi kitu. Hiki kinakula kama mchwa. Tangu ulipofika nakichukuaga asubuhi kabla hamjaamka, halafu nakirudisha pale pale pa msumari. Mimi sio mtu wa kupoteza vitu vya watu."

Benedikta aliangalia ule unga. Akaukumbuka kwenye kidole gumba chake, na harufu yake. Akakumbuka kwamba aliufuta tu kwa kitambaa, kisu kikapita juu yake, kisu kikaingia kwenye nyanya. Akakumbuka mwenyewe, jana, akionja chumvi ya kachumbari na kulamba kidole. Mwisho akamwona Mzee Isidori na bakuli lake. Hakufika chooni. Alishika ukuta wa banda la mbuzi akatapika pilau yote ya jana, na alipodhani imekwisha akakiona kile kisigino tena, akatapika maji.

Mama Makongoro aliweka almasi chini, akaja kumshika mgongo kwa mkono ule ule.

"Ni ya miezi mingapi?" akauliza kwa upole.

Kufika saa sita nyumba nzima ilijua kwamba mama Brian ana mimba. Grace alimletea ndimu. Jirani akamletea udongo wa kutafuna. Benedikta alivipokea kwa mikono miwili akavificha chini ya kitanda.

Makongoro alipomvuta pembeni kwa furaha kumwuliza, Benedikta alimweleza ukweli wote. Kwanza Makongoro alicheka mpaka akachuchumaa. Kisha kicheko kikakatika.

"Na mimi nilikula kachumbari," alisema.

"Ulirudia mara mbili."

"Lakini si uliifuta?"

"Kufuta sio kuosha."

Makongoro alitema mate. "Basi usimwambie."

"Nimwambie nini? Nimwambie mama mkwe kwamba ametulisha miguu yake?"

Siku ile, wengine walipokwenda kurudisha masufuria ya kuazima, Benedikta aliiosha almasi. Aliiosha kwa maji ya moto na sabuni nyingi, akisugua kwa mswaki kuanzia kwenye mpini hadi kwenye ncha, na povu la kwanza lilitoka la kijivu, akalimwaga mbali, kwenye shimo la taka. Akaosha tena. Povu likatoka jeupe. Akaosha tena hata hivyo, na mswaki akautupa. Alipoikausha aliona pale katikati pameanza kung'aa, vumbi la almasi limekwenda kwa sababu ya kukandamizwa, ila sehemu nyingine zote zilikuwa nzima. Akajaribu kisu kimoja. Kilikwaruza kwa mlio wake wa zamani, na kikachana karatasi bila kuivuta. Ilikuwa safi. Alijua ni safi. Alikitazama kile kisu kisafi, kikali, na mate yakamjaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika upya.

Makongoro alirudi Musoma kwenye kazi yake. Benedikta alibaki kumalizia usafi, akila ndizi na mayai ya kuchemsha, vitu vyenye maganda. Almasi aliifungia kwenye begi. Mama Makongoro aliulizia mara moja, akaambiwa imefungwa tayari kwa safari.

Kilichofuata kiligunduliwa kwanza na pua ya Benedikta. Alikuwa anafagia sebule akapata harufu, tamu kidogo, ya kuoza, na yeye aliyekulia kwenye samaki aliijua nyama inapoanza kuharibika. Akaifuata mpaka chumbani. Mama Makongoro alikuwa amelala mchana, jambo ambalo hakulifanyaga, mguu wa kulia umefunikwa kwa kanga.

"Mama, nifunue?"

"Acha. Ni mwiba."

Alifunua. Kisigino kilikuwa kimevimba, chekundu mpaka juu ya kifundo. Pale ambapo almasi ilikwangua gaga na kuendelea mpaka kwenye nyama mbichi palikuwa na tundu, na ndani ya tundu usaha wa njano uliochanganyika na udongo na samadi ya zizini. Benedikta alibana pumzi, akatoka nje, akavuta hewa, akarudi. Grace alikuwa amekwenda Bunda kununua mbegu. Akaita pikipiki, wakampakia mama katikati, yeye akakaa nyuma amemkumbatia, na njia nzima ile harufu ilipanda na upepo.

Kwenye zahanati mhudumu alisafisha, akamchoma sindano ya pepopunda, akatoa vidonge. Akasema kidonda kioshwe kila siku kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, usaha ukamuliwe, bandeji ibadilishwe. Waliporudi nyumbani Grace alijaribu kuangalia mara moja, macho yakamgeuka, akashikiliwa asianguke. Kwa hiyo kazi ikabaki kwa Benedikta.

Alikuwa anaifanya barazani, beseni katikati ya miguu yake, mguu wa mama mkwe juu ya paja lake juu ya mfuko wa plastiki. Alikamua. Alifuta. Ngozi iliyokufa ilitoka vipande vipande, na kila kipande alikiweka kwenye gazeti kwa vidole viwili. Hakuona huruma yoyote ikimjia. Aliona kinyaa tu, na akafanya kazi ndani ya kinyaa hicho kama mtu anayepalilia kwenye mvua.

"Unabana pumzi," Mama Makongoro alisema siku moja.

"Hapana, mama."

"Unabana. Naona shingo. Hata mimi nilikuwaga nabana hivyo hivyo."

"Lini, mama?"

"Makongoro alipokuleta. Ulikuja ukanishika mkono, nikasema moyoni, mwanangu ametuolea sangara." Alisema bila ubaya, kama anayezungumzia mvua ya zamani. "Halafu ukakaanga samaki, ukanitengea mimi wa kwanza, na kichwa chake, na macho yake yananitazama. Nilikula mbele yenu nikamaliza. Nikaenda nyuma ya zizi nikatoa vyote."

Benedikta aliacha kukamua. "Miaka yote hii hukusema."

"Ningekuambiaje? Ndicho chakula cha kwenu. Nikikunusa mpaka leo unanuka ziwa. Nimezoea, lakini unanuka."

Kuku walipita. Benedikta alichovya kitambaa kwenye maji ya chumvi, akakikamua, akaona kwamba kama hatasema sasa hatasema tena.

"Mama, kile chuma. Ni cha visu vya chakula."

"Najua ni cha visu."

"Uliposugua miguu, ule unga ulibaki juu yake. Mimi sikujua. Nikanoa, nikakatia."

Mama Makongoro alikunja uso, akifikiri. "Ukakatia mbuzi?"

"Na mbuzi. Na kachumbari."

"Yule mzee wa Nyasura alikunywa maji yake."

"Alikunywa, mama."

Kisha kitu kikaufikia uso wa mama yule polepole, midomo ikavutika chini, akageuza kichwa akatema mate kwenye vumbi, akatema tena.

"Na mimi nilikula," alisema. "Nilirudia." Akajifuta mdomo kwa kanga. "Ungeniambia siku ile."

"Ningekuambiaje, mama?"

Mama Makongoro alinyoosha mguu wake vizuri zaidi juu ya paja ili kidonda kifikiwe, na Benedikta akaendelea.

Jioni ile Mama Makongoro alikataa ugali. Alisema tumbo limejaa. Grace akashangaa, nyumba nzima ina wagonjwa wa tumbo na hakuna anayeharisha.

Kidonda kilikauka. Usaha uliisha, kikabaki kovu la rangi ya waridi katikati ya magaga, na mama akaanza kuvaa ndala alizonunuliwa. Siku Benedikta anaondoka, mama mkwe alimfungia chakula cha njiani, viazi vitamu vya kuchemsha na kuku wa kuchoma aliyemchana vipande kwa mikono yake. Benedikta naye alimwachia dagaa wakavu aliotumiwa kutoka Majita.

Pale Makutano, kwenye njia panda, akisubiri gari la Musoma, alifungua kifurushi. Viazi alivimenya akala, vilikuwa vitamu. Kuku alimtazama sana, zile nyuzi zilizochanwa, akaviona vidole vya mama mkwe, akakumbuka vimeshika wapi. Akamfunga tena. Nyumbani Makongoro alimla mpaka mifupa bila kuuliza chochote.

Kazini aliitoa almasi kwenye begi mbele ya jiko lililojaa watu. Aliiosha kwanza, ingawa ilikuwa imeoshwa. Alinoa kwa sehemu ya juu na ya chini, akiruka pale katikati panapong'aa, na kisu kikateremka kwenye sangara kama kawaida. Wateja walikula wakalipa wakaondoka. Yeye mchana alikula ugali na maharage.

Mama Makongoro alipiga simu Jumapili baada ya misa.

"Kuku ulimla?"

Benedikta alimtazama mumewe aliyelala kwenye kochi. "Ameisha, mama."

Upande wa pili paka akasikika akilia kama anayedai chakula.

"Haya. Na wale dagaa wako nao wameisha," mama alisema. "Huko mvua imenyesha?"

Benedikta akamwambia imenyesha kidogo, wakaanza kuongea habari za mbegu.